Siku ya Tatu ya Samaki Wako

Mume wangu Mutinda,

Samaki wako amezaa. Yule wa mkia wa rangi ya machungwa, uliyekuwa ukimwita Malkia nami nikikuuliza kama malkia hajui kupika. Jumatatu asubuhi nilikuta vitoto vyake vimejificha kwenye majani ya tangi, na wale wakubwa wanavimezea mate. Nikasema, ee Mungu, na mwenyewe hayuko.

Basi nimetengeneza kile kitangi kidogo mimi mwenyewe, mimi niliyekupigia kelele miaka yote. Nimelaza mtungi wa lita ishirini, nikaukata ubavu kama ulivyokuwa ukifanya, nikausugua bila sabuni. Maji nimeteka kwenye tangi kubwa, kwa sababu ulisema ya bomba yana dawa, yatawaua. Kumbe nilikuwa nasikia. Nikatia majani ya kujifichia na ule mpira wa kupitishia hewa, nikavihamisha kimoja kimoja kwa kijiko cha chai. Kumi na moja. Chakula ni kiini cha yai, nimekikamua kwa kitambaa.

Kila kijiko kilinikumbusha ile ndoo.

Unaukumbuka ule mwaka wa kiangazi, tulipopanga mitungi kisimani tangu alfajiri. Kwetu maji yalifanya kazi mara tatu: yaoshe mboga, yaoshe miguu, yamalizikie kwenye sukuma wiki. Nikakuta ndoo karibu na mlango, maji yamechafuka, nikaimwagia sukuma. Hukunigombeza. Ulipiga magoti kwenye matope ukaanza kuokota vitoto vya samaki kwa kijiko. Nami nimesimama na ndoo yangu, nikasema, "Si ni samaki tu? Hata hawaliwi."

Ukajibu bila kuniangalia, "Walikuwa wamebakisha siku moja tu wafike ya tatu."

Nilidhani ni mambo ya wafugaji wa samaki. Sikuuliza. Nimekuja kuelewa wiki hii, nikiwa nimeinamia mtungi, nikajikuta nahesabu: leo ya kwanza, leo ya pili.

Binti yetu aliishi siku mbili. Kwetu sisi Wakamba mtoto hupewa jina siku ya tatu, na wetu hakuifikia, kwa hivyo alizikwa bila jina. Wazee wakatuambia tusimtaje, tutapata mwingine. Hatukupata. Tulirudi kwetu Mwingi, mimi nikafungua duka, wewe ukanunua samaki, na watu wakaniita Mama Duka kwa kukosa la kuniita. Nilikukasirikia, Mutinda. Niliona umesahau upesi, unachezea maji wakati mimi siwezi hata kupita karibu na kliniki ya watoto. Kumbe ulikuwa ukijaribu kuvusha hata mmoja.

Nisamehe. Neno hili nimekaa nalo mdomoni miaka yote. Hata pale wodini uliponishika mkono mara ya mwisho, nilikuambia tu umalize uji.

Leo ndiyo siku ya tatu. Wawili walikufa jana, nimewazika pale pale kwenye sukuma. Tisa wanaogelea. Nimekaa nao tangu chai ya asubuhi, duka nimelifunga, wateja wanagonga. Wacha wagonge.

Halafu nimetamka jina la mtoto wetu kwa sauti, hapa sebuleni, peke yangu. Lile la mama yako, kwa kuwa mtoto alikuwa msichana wetu wa kwanza na lilikuwa lake kwa haki. Nililiogopa bure, halikuniua. Kinachoniua ni kwamba hatukulisema pamoja hata mara moja, na wewe umeenda kaburini hujawahi kuitwa baba wa mtu.

Pumzika sasa, Baba Syombua. Umsalimie.

Mkeo,
Mama Syombua