Saa za Mama Kuumwa Kichwa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leso nyeupe ya Mama, ya kujitanda, ina chumvi. Nilikuwa naipiga pasi, upindo wake mgumu, umekakamaa. Nikaulamba. Ndiyo, nimelamba leso, na hapa hakuna wa kunicheka. Si jasho. Jasho nalijua, nashona madera ya watu kutwa. Hii ni chumvi ya bahari.

Sasa bahari imeingiaje humu ndani? Mama yuko edani tangu Baba atutoke mwezi wa saba. Hajakanyaga nje ya mlango. Bahari yake ni siku ya kutoka eda, akaogeshwe, na siku hiyo bado sana.

Saa nne na robo alijifungia chumbani. Shangazi Swabaha aliniambia, "Mamako yuaumwa na kichwa, usimgongee." Shangazi ni dadake Baba, amehamia kwetu kumkalia Mama eda. Huyo hapitwi na nzi. Kisha naye akatoka, mimi nikapanda orofani kwa cherehani yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Kichwa tena. Saa tano kasorobo. Shangazi alikuwa anakwenda sokoni. Amerudi baadaye sana, na ndimu mbili tu.

Naanza kuona mambo. Shangazi akitoka, ndipo Mama anapoumwa.

Jumatano, 10 Septemba

Saa tano u nusu, kichwa. Shangazi ametoka, ati kumtazama mgonjwa Majengo. Nikagonga mlango wa Mama. Kimya. Nikatia sikio — hata pumzi sisikii. Mlango wa uani haukuwa na komeo, na asubuhi nililitia mwenyewe.

Saa saba Mama yuko jikoni, nywele mbichi. "Nimeoga," asema. Akala sahani mbili za wali. Mtu wa kuumwa na kichwa hali hivyo. Na mashavu yake! Miaka sijayaona vile.

Mwanamume? Astaghfirullah. Lakini nimeshaandika, sifuti.

Ijumaa, 12 Septemba

Ami Sufyan amekuja baada ya swala, kama kila Ijumaa. Mdogo wake Baba. Nyumba hii ni ya babu yao, na sasa mwenye kauli ni yeye. Alikunywa kahawa yake, akasema bila hata kupandisha sauti: mke wa ndugu yake akikaa eda yake kwa heshima, nyumba ni yetu, mimi na Mama, mpaka tuchoke. Akiivunja eda, Ami hatujui.

Mama alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza. Nusu saa nyuma alikuwa "amelala". Nikamimina kahawa mpaka ikamwagika sahanini. Tukitolewa hapa twende wapi? Kibokoni hii ndiyo ninayoijua.

Jumamosi, 13 Septemba

Kazungu muuza samaki ametuletea pweza. Akasema nichukue wawili, bamvua inakwisha, zile siku za maji kukupwa mbali, wiki ijayo ni maji mafu, miamba haifunuki vizuri na pweza hapatikani. Nikamuuliza maji yanakupwa saa ngapi. Jana saa saba kasorobo, leo saa saba u nusu. Kila siku yanajisogeza, akasema, kama mtu mvivu wa kuamka.

Nikapanda mbio kuja kufungua daftari hili. Saa nne na robo. Saa tano kasorobo. Saa tano u nusu.

Kichwa cha Mama kinauma maji yakikupwa.

Alhamisi, 18 Septemba

Wiki nzima Mama ni mzima wa afya. Anashinda kwenye msala na tasbihi yake, mgongo kauegemeza ukutani. Maji mafu.

Nimeshajua ni wapi. Kule chini ya miamba kuna kidimbwi, maji yakitoka hubaki kimejaa, kina cha mtu mzima, safi mpaka unaona kucha zako. Wanawake huoga huko. Huning'iniza leso juu ya jiwe la njiani, na mwanamume akiiona anarudi. Utotoni Mama hakunipeleka hata siku moja, alisema yeye maji anayaogopa. Basi anafuata nini? Na ni nani anayemngojea? Leso juu ya jiwe huzuia wanaume wengine kuchungulia. Mficho mzuri huo.

Jumatatu, 22 Septemba

Saa nne na robo. Nilikuwa nimeshaiandika pembeni mwa ukurasa tangu jana. Bamvua imerudi, na saa nne na robo kitasa cha Mama kikalia.

Jioni nimeshindwa. Nimemwambia Shangazi yote, chumvi, komeo, saa. Mwanamume pia nimemtaja. Nilifikiri atapiga kelele nyumba ijae watu. Alikuwa anakata popoo ya tambuu yake, hakuacha. Akauliza nimemwambia nani mwengine. Nikasema sijamwambia mtu.

"Basi niachie mie. Wewe kesho shona."

Nimemuuza mamangu. Kwa nani, kwa dadake Baba! Silali.

Jumanne, 23 Septemba

Saa nne u nusu, Mama ameshajifungia, Shangazi alivaa buibui, akafunga ninja usoni, akatoka, hakuniaga. Nikasema huyu anakwenda kumfumania Mama, kisha moja kwa moja kwa Ami. Nikavaa nikamfuata, nimwahi Mama kabla yake. Njia imejaa wanawake wa ninja, wote sawa, nikampoteza hapo hapo.

Nikashuka ngazi za miamba nikijikwaa. Leso nyeupe ilikuwa juu ya jiwe. Yetu — ile iliyoungua kidogo pembeni kwa pasi yangu.

Nikachungulia. Mwanamume hakuna. Mama yuko majini chali, amefumba macho, uso tu ndio uko nje. Na juu yake Shangazi, maji kifuani, mikono yote miwili imezama. Wallahi nilidhani anamzamisha. Nikapiga ukelele.

Mama akafumbua macho. Kisha akacheka, maji yakamwingia puani, Shangazi akamwinua. Alikuwa amemkinga mgongo tu. Viganja vyake chini ya mgongo wa mamangu, kama anavyobebwa mtoto akioshwa.

Nililia kwa hasira. Nikamwambia Mama, Baba hana hata miezi mitatu kaburini na wewe wacheka.

Akanijibu kwa upole, ndio ulioniuma. "Miaka minne nimemgeuza babako kitandani, Mahira. Usiku na mchana. Mgongo huu umekufa. Humu majini ndimo hauniumi."

Nami nilikuwa wapi miaka minne? Orofani, nashona.

Shangazi akasema ndiye aliyemleta. Walikuwa wakiogelea hapa pamoja wangali wasichana, kabla Baba hajamuoa Mama na kumkataza. "Ndugu yangu alikuwa mzito, na mie sikuja kumnyanyua hata siku moja. Namrudishia." Ami asiulizwe, asema. Ukimwambia ni dawa atakwambia dawa ziko duka la dawa. Eda imebaki miezi miwili, na bamvua zake.

Tukiwa tunapanda Mama akaniuliza, "Ulinidhania nini?"

Nikapanda ngazi mbili mbele yake. Alinitazama, akajua, akafunga ninja yake.

Jumatano, 24 Septemba

Wametoka saa tano. Mama hajaniongelesha tangu jana, lakini mlangoni alinikabidhi ufunguo wa chumba chake.

Saa sita kasoro dakika kumi, hodi. Ami Sufyan. Siku ya Jumatano! Amesema amepita tu. Amemuulizia Mama. Nikasema yuaumwa na kichwa, amejifungia. Sikubabaika. Na Shangazi? Sokoni.

"Nitamngoja," akasema.

Nimemtengea kahawa. Amekaa ukumbini, hapo pa Baba, anaelekea mlango wa uani. Mimi niko ngazini na daftari magotini, kama naandika vipimo vya wateja. Ananiona, nami namuona.

Saa sita u nusu. Maji yameanza kujaa, wako njiani. Nimempigia Shangazi kumtahadharisha, simu yake inalia hapa hapa ndani, chini ya mto.

Ameinuka kwenda kunawa uani. Kule kuna leso ya jana, niliianika bila kuisuuza. Amepita. Amerudi nyuma hatua mbili. Ameushika upindo uliokakamaa kwa chumvi, anauvunjavunja kwa vidole.

Sasa anavinusa.