Mashavu Yangu Yameimbwa na Shule Nzima

Ijumaa, jioni. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma ukafunika Newala yote, baridi ikaingia mpaka kwenye magoti, lakini mimi mwili unawaka tangu alfajiri na haujapoa. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Anayesoma anivumilie.

Somoe amepata filimbi!

Nimeanza na mwisho. Sijali, ni furaha.

Somoe ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa Issa. Anasoma kidato cha tano hapa hapa Newala, analala kwangu. Shule yao ina mchakamchaka kila asubuhi, na si ule wa kujikokota wa shule nyingine. Wanatoka getini, wanateremka mpaka sokoni, wanapandisha kilima, wanapita mbele ya uzio wangu, wanarudi shuleni. Mbele yupo mmoja anayeanzisha nyimbo, wengine wanaitikia, na miguu inapiga chini kwa pamoja mpaka vikombe vyangu kabatini vinagongana.

Anayeanzisha ndiye mwenye filimbi ya shule. Kila mwaka, kidato cha sita wakikaribia mtihani wao wa mwisho, mwenye filimbi anaivua shingoni na kumvika mtu wa kidato cha tano. Haipatikani kwa kupendwa na walimu. Inagombewa barabarani.

Kanuni yao naijua kuliko walimu, maana walimu wanahama na mimi nipo. Wanaogombea ni wawili. Mmoja anaongoza kuteremka, mwingine kupandisha. Wimbo ukidondoka, yaani waitikiaji wakanyamaza na miguu ikapishana, mwenzako anauokota, na filimbi inakuwa yake; usipodondoka kwa yeyote, anavikwa aliyeitikiwa kwa nguvu zaidi.

Tangu shule ile ifunguliwe, hakuna msichana aliyewahi kuivaa.

Na mimi, kwa nini nifiche, ndiye mwitikiaji mkubwa kuliko wote hapa Newala. Shule niliishia darasa la nne, lakini sauti yangu haikuishia darasa la nne. Kila asubuhi nasimama uzioni naitikia, na nina hakika wananisikia hata Chilangala. Wanafunzi wakifika kwenye kona yangu wanapiga kelele, "Babu, itikia!" Siku nikiumwa, mchakamchaka wote unapooza. Waulizeni.

Wiki iliyopita Somoe alijaribu kuongoza. Walipofika kwangu niliona wimbo umepoa kidogo, nikaingiza mstari wangu mmoja. Mmoja tu! Shule nzima ikanifuata mimi, ikamwacha yeye anaimba peke yake kama redio iliyosahauliwa imewashwa. Alirudi nyumbani hakula.

Mpaka leo nasema ule mstari ulikuwa mzuri.

Jana jioni akaja akakaa mbele yangu.

"Babu, kesho nikipewa kupandisha, naomba usiitikie."

"Nisiitikie mimi?"

"Ukifungua mdomo wanakufuata wewe. Daudi anasubiri hilo tu."

Daudi ndiye mpinzani wake, kijana kutoka Nanganga, kule Masasi. Mrefu, kifua kama pipa, sauti kama lori limebeba mbao. Adabu anayo, shikamoo yake haina kasoro, ila akishaanza kuimba anatuchamba watu wa Newala bila huruma.

Nikamwambia Somoe achukue wimbo wangu wa zamani wa kulimia, ule hauwezi kudondoka. Akakataa. Nikasisitiza. Akakataa. Ukaidi huo sijui kautoa wapi. Mwisho nikaapa kwamba sitaitikia. Mke wangu akacheka mpaka akashikilia mlango.

"Baba Issa, wewe? Unyamaze?"

Basi leo nikatoka mapema, nikasimama uzioni. Kura ya nani ateremke na nani apandishe nilijua imekwendaje bila kuambiwa, kwa sababu sauti ya kwanza kutoka huko chini sokoni ilikuwa ya Daudi.

"Nimefika Newala!"

"Eee!"

"Nimeomba maji!"

"Eee!"

"Wamenipa kikombe!"

"Eee!"

"Wamesema nikioga, nirudishe yaliyobaki!"

Shule ikalipuka. Hata mimi nilicheka, kisha nikakasirika kwamba nimecheka. Maji hapa ni shida, sawa, lakini mtu wa Nanganga asituambie.

Ikaja zamu ya kupandisha. Nikasikia sauti ya Somoe, nyembamba, safi, inakuja. Mke wangu akatoka na bakuli la korosho za kukaanga, zile alizokuwa ananificha tangu msimu uliopita.

"Jaza mdomo. Nakujua."

Nikajaza shavu la kulia, nikajaza la kushoto. Nikashika uzio kwa mikono miwili.

Wakatokea kwenye ukungu. Kwanza miguu, kisha fulana nyeupe, kisha Somoe mbele, jasho limemlowesha uso. Kile kilima kinameza pumzi, na sauti yake ilishaanza kukwaruza. Anaanzisha, wanaitikia nusu. Anaanzisha tena, wanaitikia wachache. Nyuma yake Daudi anajiweka sawa. Niliona kabisa kifua kinapanda, anavuta hewa ya kuokotea wimbo.

Na mimi mstari nilikuwa nao. Mstari mzuri, ungewainua wote! Niliusikia umekaa nyuma ya zile korosho, unasukuma.

Sikufungua mdomo.

Nimelima mashamba, nimebeba magunia, nimezika wazazi wote wawili, lakini kazi ngumu kama ile sijaifanya. Machozi yalinitoka. Ilikuwa pilipili, mke wangu alizitia pilipili zile korosho.

Somoe akageuza shingo, akaniona. Mzee mzima, mashavu kama maputo, macho yamenitoka. Akakosa hatua. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Kumbe anacheka. Na kile kicheko kikamrudishia pumzi.

"Babu kajaza mashavu!"

Miguu tu ndiyo ikajibu.

"Babu kajaza mashavu, kajaza nini?"

"Korosho!" akajibu mmoja wa nyuma.

"Anataka kuitikia!"

"Korosho!" Hapo ni nusu ya shule.

"Bibi kamfunga mdomo!"

"Korosho!"

"Na mgeni wa Nanganga, maji tutampa kesho, leo atafune!"

"KOROSHO!"

Walikipanda kile kilima kama wanateremka. Vumbi lote la Newala lingekuwa juu kama si unyevu wa ukungu. Daudi mwenyewe alikuwa anaitikia kuliko wote, amesahau kabisa kwamba anagombea! Na mimi nikashindwa, nikaitikia, korosho zikaruka mpaka katikati ya barabara.

Lakini hakuna aliyenisikia.

Hiyo haijawahi kunitokea maishani, niitikie nisisikike. Sauti yao ilikuwa kubwa mno. Nilibaki pale nimeshika uzio, na nitasema ukweli hapa kwa sababu barazani sitausema: nilifurahi.

Mchana Somoe amerudi, filimbi iko shingoni, sauti imekwisha kabisa. Ameniamkia kwa kunong'ona. Bibi yake kamchemshia tangawizi, huku anajipitisha jikoni na kurudi ili aiguse tena ile filimbi. Nyuma ya Somoe akaingia Daudi, ndoo ya maji begani.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kurudisha yaliyobaki."

"Marahaba. Weka hapo, tutapima kama yametimia."

Nimempenda yule kijana. Pamoja na kwamba ni wa Nanganga.

Tatizo ni moja. Tangu mchana watoto wa mtaa mzima wananiita Babu Korosho. Fundi baiskeli naye kanisalimia hivyo hivyo. Nimewaambia wote wazi kwamba ule wimbo ni wangu, maana bila mashavu yangu ungetoka wapi? Somoe kanisikia, akafungua mdomo anijibu, sauti haikutoka. Nikamwambia basi, amekubali.

Amenong'ona kwamba kuanzia Jumatatu nimeruhusiwa kuitikia tena, kwa nguvu zangu zote.

Nimewaza tangu magharibi. Niitikie wanisikie, au nijaze tena mashavu, aendelee kuniimba?

Nimeshamwambia mama Issa akaange zote zilizobaki.