Paukwa Mchana Kweupe

Makangale, 14 Julai 2025

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Magoti yanasemaje? Simu huisikii, nami nimechoka kukuuliza magoti ukanijibu bei ya muhogo, basi nakuandikia. Barua ataileta Masoud wa gari ya samaki. Mie mzima, alhamdulillahi.

Mama, darasa la tano hawanisikilizi. Kiswahili nakifundisha baada ya mapumziko, joto limeshika, huyu anasinzia, yule anahesabu tumbili dirishani. Nimepiga makofi, nimewaimbisha, nimebembeleza, nimekaripia. Wananitazama dakika moja, halafu washaondoka. Mwalimu mkuu, Mwalimu Haroub, kaniambia wazi kwamba mie ni wa kujitolea tu, na darasa likibaki hivi hadi mwisho wa Septemba hatonipendekezea ajira. Nimelia, nakwambia kweli. Kazi hii naipenda.

Wewe hukuwa ukituinulia sauti, na bado tulitulia. Ulifanyaje?

Mwanao,
Ummkulthum

Jadida, 18 Julai 2025

Mwanangu Ummu,

Waalaykumu salaam. Magoti yanalalamika lakini yananifikisha sokoni. Muhogo umepanda tena.

Kulia acha. Mtoto hushikwa kwa tumbo au kwa hadithi, na matumbo ya darasa zima huyawezi. Watolee hadithi. Ikikushinda, rudi. Mjomba wako Jabir anatafuta mtu wa kumuuzia vitambaa dukani, nimemwambia asubiri kidogo. Nyumba hii kubwa, na mie nakula peke yangu.

Mama yako

Makangale, 5 Agosti 2025

Mama,

Salamu nyingi. Natumai u mzima. Mie mwili mzima, moyo sivyo.

Nilifuata ulivyoniambia. Niliingia darasani nikasema "Paukwa", na hata waliosinzia wakaitika "Pakawa". Nikawatolea ile ya mke wa mfalme aliyezaa kaa. Nikiikatiza kufundisha nyakati za vitenzi, wananifuata mbio ili nirudi kwenye kaa. Mwalimu Haroub alianza kunichekea.

Kumbe watoto wanaziendeleza hadithi zangu njiani, jua la utosi. Jumatatu akaja Bi Masika, bibi yake Yumna, na wazee wengine nyuma yake. Kasema, "Mwalimu, weye mtoto wa Kipemba. Hujui hadithi haitolewi mchana? Atoaye mchana hupoteza. Mie mbuzi wangu keshapotea. Wangoja na watoto wapotee?" Nilidhani siku hizi hakuna anayejali. Mwalimu Haroub kanikataza mbele yao.

Sasa darasa ni baya kuliko mwanzo. Wananitazama kama niliyewapokonya chakula mkononi. Mwambie mjomba nakuja.

Mwanao

Jadida, 9 Agosti 2025

Ummu wangu,

Waalaykumu salaam, na pole sana.

Kosa ni letu sote wawili. Hadithi zangu zote mlizipata baada ya isha, na mie nikasahau kwamba skuli ni mchana.

Nilipoisoma barua yako nilifurahi kwamba unarudi, hata nikaanza kuanika godoro lako. Kisha nikaona haya. Jabir sijamwambia kitu. Nenda kwanza ukamwombe radhi Bi Masika, kwake, si skuli. Usiende mikono mitupu, mpelekee sukari.

Mama yako

Makangale, 26 Septemba 2025

Mama yangu,

Assalaam alaykum, na unisamehe kwa kimya. Sikutaka kukwambia kitu kabla sijakiona mwenyewe.

Bi Masika alipokea sukari, kisha akaniambia ile ya kaa nimeikosea, mwisho wake sivyo. Nikamuuliza mwisho wenyewe. Kasema, "Ngoja jua lizame." Nikangoja, nikala kwake, nikausikia.

Asubuhi yake niliandika ubaoni mwanzo wa hadithi nyingine, nikakomea pale zimwi linapobisha hodi. Kuandika si kutoa, hata Bi Masika kakubali. Mwisho wakautafute kwa bibi zao usiku, na kesho yake wauandike darasani, midomo imefungwa. Mama, hawasinzii tena. Juzi Mwalimu Haroub alichungulia dirishani, akaona vichwa vyote vimeinama, akaingia kuwaamsha. Hakuna aliyenyanyua uso. Wote wanaandika. Jana jina langu limepelekwa kwa ajira.

Leo Bi Masika kanifuata hadi ofisini. "Mwalimu, umenimaliza. Sina hata moja iliyobaki, na hawa hawanipi usingizi. Nipe mpya." Nilimwandikia, maana ilikuwa saa sita mchana. Kusoma hajui, Yumna atamsomea usiku. Yumna ndiye aliyekuwa akihesabu tumbili.

Mwambie mjomba atafute mtu mwingine. Najua unaningoja. Niwie radhi.

Mwanao,
Ummkulthum

Jadida, 1 Oktoba 2025

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Jabir keshapata mtu, kijana wa watu, mpole. Nimefurahi kwa ajili yako, na nimelia kwa ajili yangu, yote siku moja.

Hadithi ya kumpa Bi Masika hii hapa, ikiwa zako zimekwisha. Palikuwa na mama na binti yake mmoja. Binti akaenda mbali kufundisha, mama akabaki na nyumba kubwa. Kila jioni akapika vya watu wawili. Siku moja, muhogo uko jikoni, akasikia hodi mlangoni.

Hapo nimekomea. Mwisho wake siuandiki. Ukiutaka, njoo Jadida Alhamisi ijayo, ufike kabla ya magharibi.

Mama yako