Tulivyowapokea Watu wa Kibumba

Goma, tarehe 11 Desemba 2022
Mwaka wa saba tangu nishuke melini hapa na mfuko mmoja, na jembe ambalo halijawahi kugusa udongo wa Goma.

Mpendwa yaya Nshobole,

Nakusalimu wewe dada yangu mkubwa, uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Hamjambo huko nyumbani Walungu? Goti lako linasemaje katika mvua hizi? Mama bado anakohoa alfajiri, au ile dawa ya majani imemsaidia? Na ile migomba ya nyuma ya nyumba, je, ugonjwa umeiachilia? Mimi ni mzima. Mgongo unauma kama kawaida yake, lakini bado unanisimamisha, na kula nakula.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu salio huisha kabla sijafika kwenye maneno yenyewe. Shule yangu unajua ilikoishia, kwa hiyo ukikuta kosa lisahihishe moyoni uendelee kusoma. Barua hii ataileta Aubin, jirani yangu, anayevuka kwenda Bukavu kumzika mjomba wake.

Umesikia vita vimefika Kibumba. Ni kweli. Unakumbuka kazi yangu ni kusukuma tshukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili. Miaka yote hii tulipanda Kibumba na kushuka na kabichi na viazi, goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukisukuma. Sasa kabichi zimebaki shambani. Walioshuka ni wenye kabichi, kwa miguu, magodoro kichwani na mbuzi kwenye kamba. Walipochoka waliketi kando ya barabara ya Rutshuru, juu ya mawe meusi ya volkano, na mvua ikiwanyeshea hapohapo.

Parokia yetu haikunyamaza. Papa Grégoire, karani wa parokia, mtu wa Butembo anayependa kila kitu kiwe na utaratibu, aliitisha mkutano. Tukakubaliana kufungua ile sala kubwa, ukumbi wa katekisimu. Mtu afikapo apate maji, uji, nguo kavu na mahali pa kulala kwa siku za kwanza, hadi aonyeshwe kambi ya kwenda, iwe huku karibu au Mugunga. Kila kikundi kilitaja kitakachotoa. Wafanyabiashara walitoa maharagwe. Mama Bénédicte, anayeuza mitumba sokoni, alitoa marobota yake mazima. Sisi watu wa tshukudu tulikuwa tumekaa nyuma, hatuna kitu. Ndipo mwenzangu Lévi aliposimama akasema sisi tutakwenda barabarani kuwapokea watu mizigo na kuwaleta.

Walitupigia makofi. Yaya, katika mji huu tunaitwa watu wa fujo, wa kugonga magari na kutukana. Sikujua niangalie wapi.

Sasa sikiliza kosa letu. Wewe na mimi tulilelewa kwamba mgeni haulizwi habari kabla hajatuliwa mzigo. Mama alikuwa akitufukuza hadi kule chini njiani tukampokee shangazi kikapu chake, na aliyechelewa alikula mwisho. Wenzangu wote walilelewa vilevile. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza tulifanya kama kwetu: tulipowaona watu wanakuja, tulikimbia kuwapokea mizigo.

Watu walipiga kelele za mwizi. Mama mmoja aliniuma mkono, alama ingalipo. Mzee mmoja alimpiga Lévi na fimbo hadi akaangukia tshukudu yake. Hatukujua kwamba huko juu njiani, wanaume walikuwa wamewajia hivyohivyo, mbio, wakanyakua magodoro na masufuria wakapotea nayo. Sisi tulikuwa wanaume wengine wanaokimbia. Waliotuona walirudi nyuma, na siku ile watu walilala kwenye mvua huku sala yetu ikiwa tupu na uji ukigandia sufuriani.

Papa Grégoire hakukasirika, na hiyo iliuma zaidi. Alisema kwa upole kwamba watu wanatuogopa, na kwamba ni afadhali tukae mbali na barabara, yeye na akina mama watakwenda wenyewe. Lévi akajibu kwamba akina mama hawawezi kumbeba kikongwe kilima kizima. Papa Grégoire akatupa siku moja tu. Wakiogopa tena, basi, tushike njia yetu. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba makofi yale yalikuwa ya kwanza na ya mwisho, na kwamba kuna watu wanalowa kwa sababu yangu.

Kesho yake tulikwenda polepole, tukasimama mbali, mikono mgongoni kama wanafunzi waliochelewa. Hakuna aliyetukaribia. Halafu nikamwona mama mmoja amebeba furushi kichwani na bibi kizee mgongoni, amefungwa kwa kitenge kama mtoto. Alikuwa Mama Émérance. Nimembebea kabichi zake kutoka Kibumba miaka mingi, na kila safari alinigombeza kwamba nimezichubua. Alisimama, akaitazama tshukudu yangu kabla ya kunitazama mimi.

“Bashige,” akasema, “gurudumu ya mbele hujaitengeneza mpaka leo?”

Sikukimbia. Nilimwuliza nimpokee nini. Akalishika furushi kwa mikono miwili.

“Muzigo ni yangu, siachi. Weye beba mama mukwe wangu.”

Lévi hawezi kunyamaza, unamjua kwa barua zangu. Akamwuliza, “Sasa mama, tukimupoteza huyu muzee?”

“Hamutamupoteza. Mutamurudisha wenyewe, atabachosha na maneno.”

Na yule bibi, aliyekuwa amefumba macho, akasema palepale mgongoni, “Munipandishe basi, niwachoshe.”

Watu waliokuwa wameketi kwenye mawe walicheka. Yaya, ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko kwenye barabara ile tangu vita vianze. Tulimkalisha bibi juu ya ubao, tukamtandikia magunia, na Mama Émérance akampakatisha lile furushi. Nikasukuma kwa mkono, sikupanda, kama mtu anayesukuma mayai. Njia nzima bibi alinilaumu kwa kila jiwe. Nilipogeuka nyuma, nyuma yetu kulikuwa na mstari wa watu.

Tangu siku hiyo utaratibu ni huo. Mzigo hatuugusi. Tunabeba watu: vikongwe, wajawazito, mama aliyejifungua juzi, kila mmoja na furushi lake mapajani, akilishika mwenyewe. Mama Émérance hakukaa hata siku mbili kwenye mkeka. Anasimama barabarani na kitenge chake chekundu, anawaita watu wa kijiji kwa majina, anawaambia hawa ndio wale wa kabichi. Tumefunga viti vya mbao kwenye tshukudu, na Lévi amekitengenezea chake mahali pa kuegemea.

Na mambo ya ndani nayo yamebadilika. Mwanzoni nguo ziligawiwa kwa mstari, mtu anaitwa mbele, anapewa alichopewa, watu wote wakimtazama. Mama Émérance alipewa gauni la msichana. Alilirudisha, akakaa na nguo zake mbichi. Mama Bénédicte aliona. Alitundika nguo zote kwenye kamba kama kibandani pake sokoni, akafunga pazia. Sasa mama anaingia, anashika, anageuza, anakataa, anachagua. Mama Bénédicte anamsifia rangi kana kwamba anauza. Wengine wanatoka wamenyoosha shingo. Papa Grégoire alilalamika kwamba inachelewesha. Siku hizi ndiye anayeshika kioo.

Sitakudanganya kwamba yote ni mazuri. Maharagwe yanapungua. Yupo mtoto aliyekufa kwa homa, tulimzika sisi. Na huko kambini wanakokwenda baadaye ni maturubai juu ya mawe, nimewasindikiza nimeona. Mimi mwenyewe nimechoka hadi kwenye mifupa. Lakini juzi familia moja ilifika kutoka mbali, hawatujui kabisa, na mzee wao akauliza, “Ile tshukudu ya kubeba bakoko iko wapi?” Habari zimepanda barabara mbele yetu. Nilinyoosha mkono nikasema ya kubeba vikongwe ni hii. Sijawahi kusema neno kuhusu tshukudu yangu kwa sauti kubwa namna ile.

Mwambie Mama haya yote, hasa lile la kupokea mizigo. Atasema tulikosea kukimbia. Mwambie amesema kweli.

Nisalimie shemeji Rodrigue, na Mapendo, nasikia anamaliza shule ya msingi, mwambie asome hadi pale nilipoachia mimi kisha apite. Msalimie na kaka Cikuru, asiuze lile shamba la bondeni kabla hatujaonana. Mungu alinde paa lenu, na aufikishe kila mguu ulioko njiani.

Kuhusu kurudi. Nilikuahidi Noeli, na Noeli sitafika, watu bado wanashuka na mwenye mikono haondoki sasa. Lakini mwezi wa pili mvua ya kupandia maharagwe itanikuta kwetu. Nitachukua meli ya Jumamosi ya kwanza, jembe langu nalo litarudi. Nitashuka Bukavu nimekonda, na mfuko ule ule. Ukija kunisubiri bandarini, yaya, usiukimbilie mzigo. Nipokee mimi kwanza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa ng'ambo ya ziwa,

Bashige