Kadi Zenye Moyo Mdogo Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya thelathini na nane ya ndoa! Mume wangu — nikiandika maneno haya mawili kalamu yenyewe inacheka — amenifunga kamba za viatu asubuhi. Mtu mzima, amepiga magoti kwenye zulia, eti nisichelewe kazini. Nikachelewa.

Meneja hakupenda. "Bi Harusi, hebu njoo." Ndilo jina langu sasa, ofisi nzima. Kasema nimegonga milango miezi mitano nikauza bima nne, mbili kwa shangazi zangu. Majaribio yanaisha mwezi huu. Niache milango. Nitafute watu ambao wateja hupita kwao kwanza, kama mafundi, mawakili na madalali. Mimi niwapelekee watu, nao waniletee. Watatu wawe wameniletea mteja mmoja mmoja kabla mwezi haujaisha, la sivyo kiti changu kitapata mwenyewe mwingine. Na kanuni mbili: toa kwanza ndipo uombe. Siri ya mteja ni siri, hata kwa mume.

Hiyo ya pili imenichoma. Sisi tuliahidiana hatufichani kitu! Kila jioni tunasimuliana siku nzima, mpaka tulichokula. Lakini wateja wenyewe wana siri gani? Bima ya pikipiki?

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa magari kwanza. Nimempelekea gari la bosi wa mume wangu, ndiyo "toa" yangu. Akafuta mikono, akacheka. "Dada, wanaokuja kwangu wameshagonga ukuta. Niwauzie mwavuli wakiwa wameshalowa?" Nikamwuliza kama mvua hunyesha mara moja tu. Akafikiri. "Una maneno wewe!" Amekubali!

Dalali wa nyumba naye kakubali, huku anagombana na mtu kwenye simu ya pili. Sina hakika "sawa, sawa" yake ilikuwa ya nani. Nimeichukua mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempata wakili! Ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Na sijawahi kuona chumba cha kusubiri kizuri vile. Wanandoa jozi tatu! Watu wazima, wameacha kazi zao, wamekuja pamoja. Kila mmoja amekaa mwisho wake wa benchi, katikati wameacha nafasi — heshima iliyoje. Hakuna anayemkatiza mwenzake maneno. Dada mmoja alikuwa analia kimyakimya, mumewe kageukia dirisha ili asimwaibishe. Bila shaka wananunua nyumba ya kwanza. Mimi siku hiyo nitalia mpaka jirani asikie.

Wakili ni mama wa makamo, sauti ya pole, miwani kifuani. Kasema nimletee mmoja, naye ataniletea mmoja. "Watu wangu wakimaliza hapa huanza maisha upya. Wanahitaji kila kitu kipya." Maisha upya! Nusura nimkumbatie. Kanipa kadi zake ishirini, nami nikamwachia zangu za bima. Papo hapo nikaandika nyuma ya kila moja: Umeletwa na — jina langu — na moyo mdogo. Aliutazama ule moyo kwa muda.

"Huu ni wa lazima?"

Nikamwambia ndiyo alama yangu. "Haya, mwanangu," akasema.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa wakwe. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa! Nawatazama kama mwanafunzi atazamavyo ubao. Wanaelewana bila hata kuongea. Baba kasema "maji", jagi liko mbele yake, na Mama kazunguka meza akammiminia. Nimemuuliza Mama habari za miguu yake, Baba ndiye aliyejibu: "Haina neno." Anamjua mwenzake hadi miguu!

Nikagawa kadi za wakili. Baba akaweka glasi yake juu ya moja. Mume wangu akanikonyeza: "Mke wangu haachi kazi hata mezani." Mke wangu! Nikasahau nilichokuwa nasema.

Wakati wa kuosha vyombo Mama akaniuliza, bila kunitazama, kama huyo wakili anasikiliza.

"Mama, ana masikio ya kuazimisha!"

Akafuta mikono, akaomba kadi, akaitia kwenye mkoba. Ni ule mpaka wa kiwanja, nadhani. Jirani amesogeza ua. Baba angekuwa ameshapiga kelele. Mama anatafuta njia ya amani. Moyo wa dhahabu.

Jumatano, 12 Machi

Wakili kapiga simu! Yule mama niliyemtuma amefika, anashukuru. Hawezi kusema zaidi, ila deni la fadhila atalilipa.

Nikamwonyesha Meneja orodha yangu. Alipofika kwenye jina la wakili akacheka mpaka akavua miwani. "Wewe? Wewe na huyu? Bi Harusi, wewe ni hatari." Sikujua ninatisha hivyo. Nimefurahi.

Jioni nikamsimulia mume wangu yote isipokuwa habari ya Mama na kadi. Si kuficha. Mpaka wa ua una nini cha kusimuliwa?

Jumatatu, 24 Machi

Fundi kaleta wawili. Dalali kaleta mmoja, kwa hiyo "sawa" ile ilikuwa yangu! Amebaki wakili. Siku saba. Usingizi unakatika.

Mume wangu anasema mama yake kabadilika. Kanunua viatu, anaimba akipika, na juzi Baba kasema "maji" akaambiwa jagi hilo hapo. Nikamwambia ndoa ikikomaa huwa na utani. Kaniita mwalimu. Tukacheka mpaka mkate ukaungua.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika chooni, ofisini. Nimemwambia mteja naomba dakika mbili. Zimeshapita kumi.

Saa nne Meneja kachungulia: "Bi Harusi, mtu wako kutoka kwa wakili. Wa tatu. Hongera!" Kaninyanyulia dole gumba. Nikageuka na tabasamu lote. Mama mkwe. Viatu vipya, mkoba magotini, mkononi kadi yangu ya bima, ile niliyomwachia wakili.

Nikacheka. Nikasema Mama, ungeniambia nyumbani!

"Nyumbani hapana," akasema. "Wakili kasema nikate bima yangu mwenyewe. Ya baba yako itaniacha."

Itakuachaje? Fomu ilikuwa mbele yetu. Jina, nikajaza. Umri, nikajaza. Hali ya ndoa.

"Hapo acha wazi kwanza, mwanangu. Wiki ijayo tutajua cha kuandika."

Ndipo nikaliona tena lile benchi. Jozi tatu. Nafasi katikati. Yule dada. Nyumba ya kwanza! Ee Mungu wangu.

Hakulia. Aliniambia kama mtu anayesoma ratiba ya basi. "Baba yako atapata barua ya wakili Jumatatu. Mume wako nitamwambia mwenyewe, Jumapili, usinitangulie — si ndiyo kanuni ya kazi yenu?" Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mnufaika, anayeachiwa fedha za bima. "Thelathini na mitatu nimekuwa mnufaika wa mtu. Leo nataka kuandika jina la mtu mimi."

Mimi nikasema samahani, nikakimbilia huku.

Simu inatetemeka juu ya sinki. Mpenzi wa Roho, ndivyo nilivyomwandika mume wangu. Imekatika. Ujumbe: Uko wapi? Niko kwa wazee. Baba kaona kadi ya wakili kabatini kwa Mama, kamuuliza jirani, jirani anamjua: ni wakili wa talaka. Anapiga kelele. Nyuma kuna jina lako. Na ule moyo.

Inatetemeka tena.

Viatu vipya vinakuja koridoni, taratibu. Mama kagonga mlango.

"Mwanangu, ni yeye? Pokea tu. Ila kwanza nionyeshe pa kutia sahihi."