Alama Nilizojipa

Chuoni, Dar es Salaam
Alhamisi, 14 Juni 2001

Kwa Baba yangu, Mwalimu Ismaili Rajabu,
Malindi, Lushoto.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, baba.

Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima na kifua kisiwe kinakusumbua, maana najua mwezi wa sita huko kwetu ukungu hauondoki mpaka adhuhuri. Mama hajambo? Amekwisha kung'oa karoti za bondeni, au baridi imezichelewesha? Mimi kiafya ni mzima. Kiafya tu.

Uliniuliza mbona nimekuwa kimya tangu mwezi wa nne, nami nikakujibu kwa simu kwamba ni masomo. Haikuwa kweli. Leo nimekaa nikueleze yote, na nakuomba usome hadi mwisho kabla hujamwita mama.

Unajua kwamba Kornelio, mtoto wa mzee Hezekia jirani yetu, alikuwa fundi wa maabara ya kompyuta hapa chuoni. Usichojua ni alivyonipokea. Nilipofika mwaka wa kwanza sikujua hata kuiwasha mashine. Wenzangu wa shule za mjini walicheka jinsi nilivyoishika mausi kama mtu aliyelazimishwa kushika kinyonga. Kornelio akanisemesha Kishambaa mbele yao wote, bila haya, na tangu siku hiyo akawa ananifundisha kila Jumamosi. Ikifika adhuhuri alinifungulia chumba cha ndani, chenye mashine kubwa ya kuhifadhia matokeo, kwa kuwa kina zulia na hakiingiwi na viatu. Nilisali humo, naye akisimama nje ya mlango ili mtu asinikatize. Mwaka wa pili alinipa hata neno la siri la mashine ile nimsaidie kazi, jambo ambalo hakuruhusiwa kulifanya.

Hapo sifa zikaanza. Jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu ikanichagua katibu. Nikawa nachapa jarida lao, nafundisha dada zetu kompyuta, naalikwa shule za wasichana nisimame na hijabu yangu waone kwamba dini na kompyuta vinakaa kwa mtu mmoja. Baba, nilipenda kutazamwa. Ulitufundisha habari za riya, kutenda jema ili uonwe na watu, jinsi inavyokula amali za mtu kimya kimya, nikadhani ni ugonjwa wa watu wengine. Niliwahimiza wenzangu wasome, na mimi sijafungua daftari la takwimu wiki tatu. Niliwahimiza waamke alfajiri, na mimi naamka jua limekwisha kutoka.

Nikaanguka mtihani wa takwimu. Nikapewa wa marudio. Ukishindwa na huo unadisko, ndivyo wasemavyo hapa, yaani unafungasha mizigo unarudi kwenu. Matokeo yalipobandikwa, jina langu lilikuwa kwa waliopita. Nilikupigia simu ukasema Alhamdulillahi mara tatu, na mama akaita majirani wakasoma maulidi.

Haukupita mwezi, wakuu wakagundua kwamba karatasi ya alama iliyoandikwa kwa mkono imepotea, na kwamba matokeo kwenye mashine yaliguswa siku ya Jumamosi, baada ya kufungwa Ijumaa. Mwalimu wa somo alikuwa wa mkataba, amekwisha kurudi kwao ng'ambo, hakupatikana. Karatasi ilikuwa mikononi mwa Kornelio, na neno la siri lilikuwa lake. Wakasema anauza alama. Akafukuzwa.

Kisha ikaja barua yako. Uliniandikia kwamba mama yake, mama Rahabu, hashuki tena sokoni kwa aibu, na kwamba Ijumaa moja ulimtoa Kornelio katika hotuba kuwa mfano wa elimu isiyo na hofu ya Mungu, ukanitaja mimi kuwa mfano wa elimu yenye hofu hiyo. Niliisoma nimesimama uwanjani, kisha nikaisoma tena.

Baba, aliyebadilisha alama ni mimi.

Nilikuwa nimepata thelathini na nne, nikaandika hamsini na moja. Karatasi niliikuta kando ya mashine, nikaichana vipande. Na saa niliyofanya hivyo ilikuwa ya adhuhuri. Kornelio alikuwa nje ya mlango akinilinda nisali. Sikusali.

Siku anaondoka nilimkuta anafunga sanduku. Akasema, "Waliniuliza kama kuna mwingine anayelijua neno la siri. Nimewaambia hakuna. Wewe kasome." Halafu akaniuliza kwa Kishambaa, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Mwanaheri, saa ile ulisali kweli?"

Nikamwambia ndiyo.

Tangu siku hiyo nikisujudu naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Nimeomba toba mpaka sauti imekauka, lakini wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba haki ya mtu haifutiki kwa machozi, mpaka irudishwe kwa mwenyewe. Juzi Jumanne nilikwenda kwa mkuu wa kitivo nikasema yote. Aliniuliza mara mbili kama kuna aliyenilazimisha. Jioni yake nikapewa barua ya kufukuzwa. Nikauliza habari ya Kornelio. Akasema nafasi yake imekwisha kupewa mtu mwingine, hawawezi kumwondoa. Watakachoweza ni kuandika barua ya kumsafisha jina. Barua yenyewe, baba, mistari minne.

Nakala yake imo ndani ya bahasha hii. Naomba uipeleke kwa mzee Hezekia wewe mwenyewe, usimtume mtu. Sina uso wa kukuambia useme nini ukifika mlangoni kwao, wala useme nini msikitini.

Barua nampa Nikodemo, mwanafunzi mwenzetu wa Lukozi, anayepanda milimani kesho. Mimi nitakuja kwa basi la Jumatatu. Nisalimie mama yangu Mwajuma, umwambie hakukosea katika malezi yangu. Nisalimie kaka Twaha na wanawe, na wote watakaotaka kupokea salamu zangu.

Najua huenda hutaki niingie kwako. Basi linapita Soni kabla ya kufika Lushoto. Kama ndivyo, mwambie shangazi Zainabu, anayekaa hapo, asimame barabarani pale Soni. Si lazima apunge mkono wala aseme neno. Nikimwona tu, nitashuka.

Wassalaam.

Ni mimi mwanao,
Mwanaheri Ismaili