Spika Zako Zimerudi Bonga

Baba, shikamoo.

Najua huitikii tena, lakini sikuzoea kuanza maneno na wewe bila salamu, na sitaanza leo. Nina habari moja kubwa: spika zako zimerudi hapa nyumbani, Bonga. Ziko palepale, kila moja juu ya matofali yake, zimeelekea kiti chako. Na aliyezibeba kuziingiza ndani ni Gwandu, mdogo wako, jasho likimtoka. Mimi nilimfungulia mlango tu. Sikumsaidia.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana hukuona alichokifanya.

Siku ya kuanua matanga waligawa nguo zako kama desturi ilivyo. Koti alipewa mtoto wa shangazi, viatu vikaenda kwa ndugu wa Mutuka. Hayo sikuyalalamikia. Halafu baba mdogo akasimama, akazinyooshea spika fimbo, fimbo yako hiyohiyo ambayo alikuwa ameshajigawia, akasema, "Hizi nitazitunza mimi. Mjane anahitaji ukimya." Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitenge kichwani, hakuinua uso. Nikasema nataka zibaki. Akanijibu, "Paulina, wewe utaolewa, utazipeleka kwa watu." Wazee wakatikisa vichwa kukubali, na kila mmoja wao alijua zinakwenda kwenye grosari ya pombe ya baba mdogo, kule mjini karibu na stendi.

Nilimchukia, Baba. Sikufichi. Hata sasa namchukia.

Nikaomba niachiwe hadi kesho yake nizifute vumbi. Na kweli nilizifuta. Kisha nikachukua bisibisi yako yenye mpini wa njano, nikafungua mgongo wa spika ya kushoto, nikazibadilisha waya kule ndani, nyekundu ikakaa mahali pa nyeusi na nyeusi mahali pa nyekundu. Nikarudisha skrubu zote.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulisema spika mbili ni kama watu wanaosukuma gari lililokwama kwenye tope, lazima wasukume pamoja. Moja ikisukuma huku nyingine inavuta, besi inakufa, na mwimbaji hujui amesimama wapi. Nilikuwa darasa la sita, na nilidhani unanifundisha mambo ya redio tu.

Basi Gwandu akaanza kuhangaika. Alibadilisha simu. Akalaumu mtandao, akanunua bando kubwa. Akaita fundi, fundi akatazama nyuma ya spika, akakuta nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, akasema hapa hakuna tatizo. Akaongeza sauti hadi kelele zikavuka barabara, lakini muziki haukuwa na tumbo. Wateja wakahamia kwa jirani. Kila nilipokwenda sokoni nilipita mbele ya grosari makusudi, nikamwamkia kwa adabu, "Shikamoo, baba mdogo." Alikuwa ananiitikia marahaba huku anafinya vitufe. Nami naendelea na safari yangu nimeshiba.

Na nyumbani sikukaa bure. Unamkumbuka yule anayekohoa? Kwenye ule wimbo wa dansi ulioupenda, kabla gitaa la pili halijaingia, kuna mtu anakohoa huko nyuma, mbali, labda mpiga tarumbeta, labda mtu aliyekuja kusikiliza tu. Kila ukifika hapo ulikuwa unainua kidole na kusema, "Huyo naye alikuwepo." Redio ilipoitafuna kanda ya wimbo huo, hukuigusa redio wiki nzima. Nikakutafutia wimbo kwenye simu, nikaupata, tukaupeleka kwenye amplifaya kwa bluetooth. Ukasikiliza hadi mwisho kwa heshima, halafu ukasema, "Anaimba amejifunika blanketi." Na anayekohoa hakuwepo. Tulikuwa bado tunamtafuta presha ilipokuchukua.

Niliendelea kumtafuta peke yangu. Amplifaya Gwandu aliiacha kwa sababu ilikuwa kuukuu, hajui kitu yule. Nilinunua spika mbili ndogo sokoni. Niliacha bluetooth, nikatafuta kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye simu kinachotoa muziki kwa waya. Kwenye programu ya muziki nilizima ule mpangilio wa kubana bando, nikachagua ubora wa juu kabisa, nikawa napakua wimbo mzima kwanza badala ya kuusikiliza huku mtandao unasuasua. Simu nikaifungua sauti yote, kuongeza na kupunguza nikafanyia kwenye amplifaya. Bado hakuwepo. Ndipo nikagundua ule wimbo wameupandisha mtandaoni watu wengi, na wengine waliurekodi kutoka redioni. Nikaupata mwingine, msafi. Nikazisogeza spika mbali na ukuta, nikazinyanyua kutoka sakafuni, nikakaa kwenye kiti chako.

Akakohoa, Baba. Kidogo sana, kama mtu wa nyumba ya pili. Nililia mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia, naye akakaa chini tukaurudia.

Ulipotimiza mwaka tukafanya ibada ya kumbukumbu hapa nyumbani. Gwandu akajileta na bajaji imebeba spika zako, aonekane ndugu mwema. Akaziunganisha kwenye amplifaya yako mbele ya watu. Baada ya chakula shangazi akaomba wimbo wako. Nikauweka. Ukatoka mkavu, wa kwenye debe. Baba mdogo akacheka, akawaambia watu wote, "Mnaona? Marehemu alituringia miaka yote hiyo na mabovu."

Watu wakacheka pia. Jiwe nililomrushia yeye lilikuwa limekupiga wewe.

Nikainuka, nikainama nyuma ya spika ya kushoto kama natafuta waya iliyolegea. Ndani sikugusa. Nilizigeuza waya za nje tu, nyekundu kwa nyeusi, kosa likafuta kosa. Nikaurudisha wimbo mwanzo.

Ungekuwepo. Vioo vya dirisha vilitetemeka. Mwimbaji akasimama katikati ya ukuta, mtu mzima kabisa, na katekista akashusha kipande cha nyama alichokuwa anakipeleka mdomoni. Shangazi alijishika mdomo akasema, "Huyo ni kaka, amekuja." Baba mdogo akaniuliza nimefanya nini.

"Nimezigusa tu, baba mdogo," nikasema. "Labda zimejua zimefika kwao."

Na bado alizichukua. Akazipakia akarudi nazo mjini, akaunganisha kama kila mtu anavyounganisha, nyekundu kwa nyekundu. Zikafa tena. Sasa unamjua dada yako: kabla ya siku ya mnada soko zima lilikuwa linajua kwamba spika za marehemu zinaimba Bonga, mjini zinanuna. Walevi wakawa wanamuuliza Gwandu kama aliomba ruhusa kwa kaka yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nimekaa kimya kweli, kama mjane alivyoagiziwa.

Jumamosi iliyopita akaja nazo. "Chukueni," alisema. "Kaka hataki." Nikamwonyesha matofali, akazipanga mwenyewe. Mama alikuwa pembeni anachambua maharage. Nilipomaliza kuunganisha, ile ya kushoto nyekundu kwa nyeusi kama siku ya ibada, nikamkaribisha chai, naye akaenda kukaa wapi? Kwenye kiti chako. Sikumkataza. Niliuweka wimbo.

Kwenye spika ndogo kilikuwa kikohozi cha nyumba ya pili. Kwenye hizi zako kilitokea palepale, nyuma ya bega lake la kushoto.

Gwandu aliruka chai ikamwagika. "Nani anakohoa?"

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameinamia sinia lake, mabega yanamcheza. Mwaka mzima sikuwa nimemwona akicheka.

"Mimi sijasikia mtu, baba mdogo," nikasema.

Hakumaliza chai. Aliaga akiwa ameshavuka mlango, na haraka ile ikamsahaulisha fimbo yako. Nimeiegemeza kwenye kiti.

Wazee wananiambia nisamehe, damu ni moja. Nitamwamkia, nitampa kiti, nitampa na chai. Kusamehe bado sijafika, na wewe usiniharakishe. Waya za ndani nimezirudisha mahali pake, na nakuahidi mambo mawili: spika hizi hazitatoka tena humu ndani, na kile nilichokifanya hatakijua mpaka akuulize wewe mwenyewe huko.

Pumzika, Baba. Akirudi kuifuata fimbo, nitamwekea wimbo.

Binti yako,
Paulina